Kaseti ya Arobaini na Moja

Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, ngazi sabini na mbili,
Dundee, mtaa wa Hilltown, mlango wa kijani uliobabuka.
Aliniajiri kwa swali moja: "Masikio yako mazima?"
Nikasema mazima. Akanivika hedifoni,
akaniachia kaseti mia mbili na kumi za wanawake wa juti
na birika la chai iliyokwisha poa.

Ishbel Rattray. Vitabu kumi na sita:
tisa vya watu waliosema,
saba vya watu wasiokuwapo.
Wakutubi walimgawa, nusu ghorofa ya pili kwenye historia,
nusu chini, kwenye riwaya, karibu na choo.
"Mimi," alisema, "ni ng'ombe wa mirathi."

Katika vile tisa hakuthubutu kufuta hata kikohozi.
Nikiandika *akacheka*, atauliza: alicheka vipi?
Kwa pua? Kwa aibu? Rudisha nyuma.
Nilirudisha. Wote walipayuka, wale bibi,
kama mashine bado zinanguruma ukutani,
na viwanda vimefungwa miaka ishirini.

Katika vile saba alidanganya bila kupepesa jicho.
Aliua wachungaji, alichoma bohari,
alimpa muuza makaa sauti ya malaika na deni la kamari.
Nikamwambia kwetu husemwa:
lisemwalo lipo, kama halipo laja.
Alinirudisha nyuma mara tatu, kama kaseti,
akaliandika mgongoni mwa bili ya gesi.

Kaseti ya arobaini na moja. Effie Lamond, mfumaji.
Anasimulia vumbi kooni, anasimulia lugha ya vidole
waliyosemezana juu ya kelele, na matusi yake.
Kisha Ishbel, sauti yake ya ujana:
"Na yule mtoto wa kwanza?"

Dakika nne na nusu.
"Zima hiyo," anasema Effie.

Nilichapa: *kimya*.
Akalikata neno kwa kalamu nyekundu.
"Si kimya. Kuna saa ya ukutani.
Kuna gari la maziwa, chupa zinagongana.
Andika hayo."

Miaka kumi na moja baadaye, riwaya ya nne:
mtoto anapelekwa Kanada, anarudi na ndevu,
anapiga hodi, mama anamjua kwa kucha zake.
Watu walilia kwenye treni. Kikapata tuzo.
Effie alinunua nakala kwa pesa yake,
akapanda ngazi zote na miaka yake themanini na moja,
akakibwaga kitabu mezani.
"Sivyo."
Akangoja pumzi imrudie.
"Sivyo hata chembe. Ila sasa naweza kukwambia.
Usinase."

Hakunasa. Hakuandika.
Nilimwuliza mara mbili; mara ya tatu alinitazama
kama mtu aliyekuta mkono wangu ndani ya pochi yake.

Sikumwambia mapema kwamba nililijua juti
kabla ya kuujua mji huu:
mama alikata mkonge Muheza, nasi watoto
tulilalia magunia, harufu ile ile ya mafuta na nywele.
Siku nilipomwambia, alitia kaseti mpya.
"Haya. Sasa wewe."
Nilisema saa nzima kwa Kiswahili, asichokijua.
Hakunikatiza. Aligeuza upande wa pili,
akakaa mbele yangu, miguu ndani ya soksi za sufu,
akinitazama mdomo kama wafumaji wake.

Baada ya mazishi walikuja watu wa manispaa na maboksi.
Lipi la kweli, walitaka kujua, lipi la kubuni,
ili wabandike lebo.
Niliwahesabia kaseti mia mbili na kumi, nikatia sahihi.

Moja iko kwenye mfuko wa koti langu.
Mvua inanyesha, basi linateremka Hilltown polepole,
na kila likisimama naigusa
kuhakikisha haijalowa.